Kitoweo cha Uani

Nikisema kwamba kazi yangu ya ualimu iliokolewa na mabilingani, watu hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Kisha huwaeleza habari za jirani yangu wa nyuma, aliyekuwa na bustani ndani ya ua ambao ungetandika mikeka michache ukajaa, katikati ya Mji Mkongwe, mahali ambapo hata jua huingia kwa kuomba ruhusa.

Jina lake sitalitaja. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, na mimi, kwa kuwa ua wake na wangu ulitenganishwa na ukuta mmoja tu, nilimwita Bi Jirani, akaitika. Alizaliwa wapi na watu wake ni akina nani, hayo wanayajua waliokuwa na haja ya kuyajua. Mimi nilimkuta pale nilipoletwa bibi harusi, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Alikuwa mtu mzima tayari, mfupi, mwenye magoti mabovu na sauti kubwa kuliko mwili wake.

Ili bustani ile ifahamike, lazima kwanza kifahamike kikapu. Siku zile mjini kwetu mke wa mtu hakwenda marikiti. Aliyekwenda ni mume, asubuhi mapema, akarudi na samaki, nazi, ndimu, vitunguu na tungule, ambazo wengine huziita nyanya, akakitua kikapu mlangoni pa jiko na kwenda zake kazini. Mchele na mafuta vilikuwamo ndani, vimenunuliwa kwa wingi, lakini kitoweo cha siku kilikuja na kikapu. Mume akileta pweza, nyumba ilikula pweza. Akileta dagaa, ilikula dagaa. Na akiwa na hasira asilete kitu, nyumba ilikula wali mkavu, na mke hakuweza kumtuma mtoto wa watu sokoni bila mtaa kujua kabla ya adhuhuri kwamba ndani mle pana jambo. Tulizaliwa tukayakuta hayo, na wengi wetu tuliyaona ni heshima, kwamba mwanamke wa nyumba fulani hapigwi jua la sokoni.

Bi Jirani naye aliyaona ni heshima. Hilo nataka lieleweke mapema, maana wakisikia habari zake watu humfanya mwanamke wa vita. Hakuwa hivyo hata kidogo. Hakutoka bila buibui, hakutoka bila kumwambia mumewe, na wanawake waliokaa barazani kutazama wapita njia aliwasema vibaya sana. Alichokuwa nacho, ambacho sisi wengine hatukuwa nacho, ni madebe ya mafuta ya taa yaliyojaa udongo.

Katika ukuta uliotutenga palikuwa na dirisha dogo la zamani. Pengine nyumba zile mbili ziliwahi kuwa moja. Hapo ndipo tulipozungumza, na hapo ndipo nilipomtazama. Kuta za ua wake zilikuwa ndefu pande zote. Jua la asubuhi liliangukia upande wa choo, likasogea mpaka karibu na kisima, adhuhuri likakaa katikati, halafu likapanda ukutani na kuondoka. Mimea ya watu wengine hukaa mahali pamoja ikangoja. Yake ilihama. Aliyasukuma madebe kwa mguu, akayavuta kwa mikono, akayasogeza kwa kiuno, kutwa nzima, katikati ya kupika na kufua na kusali.

"Shikamoo, Bi Jirani."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza, nnakimbiza jua."

Na kweli alilikimbiza. Ukimkuta wakati jua liko katikati hukuwa na mazungumzo naye, kwa sababu wakati huo bilingani, bamia, pilipili na mchicha vyote vilitaka nafasi moja. Mndimu ulikuwa ndani ya mtungi mkubwa uliopasuka, na huo tu ndio uliosamehewa kuhama. Pembeni, penye udongo wa chini, palikuwa na mashina ya muhogo na matembele yaliyotambaa mpaka mlangoni pa choo. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa nyumbani kwake. Maji ya kusuuzia vyombo yalikuwa ya pilipili, na ole wako uyamwagie mchicha.

Watu wanaopenda mimea, nimesikia, huibembeleza. Yeye aliitukana. Nimekaa jikoni kwangu nikamsikia akimwambia mtu, "Nshakupa mbolea, nshakupa maji, nshakupa jua. Sasa unangoja nini, mahari?" Nikachungulia dirishani nikidhani ana mgeni, kumbe anazungumza na bilingani. Siku nyingine aliuambia mbamia uliokataa kuzaa kwamba ungekuwa mwari angekwisha kuurejesha kwao. Nilicheka mpaka nikaunguza nazi.

Alidharau maua. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na asumini mahali fulani, na wanawake wakiuliza kwa nini yeye hapandi, alijibu, "Kwani asumini inaliwa?" Ilinichukua muda kugundua kwamba nyuma ya kisima chake, mahali pasipoonekana na mgeni, palikuwa na mwasumini mnene kuliko wote mtaani, na kwamba kila laasiri alichuma na kutunga kikuba, kishada cha kunukia. Nilipomuuliza, alisema ameupanda kufukuza mbu. Sikumuuliza kama mbu pia ndio wanaopelekewa kikuba chumbani.

Na tungule zake zilikuwa mbaya. Lazima niseme, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kumwambia. Zilikuwa ndogo, kali, zenye ngozi ngumu, na alizisifu kupita watoto wake. Ukipewa ulikuwa unashukuru, unasema hujapata kuona, unakwenda kuzitia katika mchuzi na sukari kidogo. Mumewe, karani wa forodhani aliyestaafu, mtu mrefu mwenye kofia isiyokunjamana hata siku za mvua, aliendelea kununua tungule marikiti kila asubuhi, na yeye aliendelea kupanga za kwake juu ya zile za mumewe ndani ya ungo. Siku moja mzee yule aliniambia kupitia mlango ulio wazi, akiwa anafunga viatu, "Tungule za Bi Mkubwa ni nzuri sana kwa kutazama." Ndani kukasikika sauti ya sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu.

Shangazi yangu wa Nungwi alikuja kunitazama siku nilizokuwa na mimba, na Bi Jirani akamkaribisha uani kwake kumwonyesha bustani. Shangazi yangu ni mtu wa shamba, hana ulimi wa mjini. Akatazama madebe, akatazama kuta, akauliza mashamba yenyewe yako wapi.

"Ndiyo haya," akasema Bi Jirani.

"Haya? Sie kwetu haya tungempa mbuzi mmoja, na angetaka mengine."

Niliogopa. Bi Jirani akamjibu kwamba mbuzi wa Nungwi wana bahati, mume wake yeye amezoea kula mchicha wa debe. Wakacheka wote wawili, na shangazi akaondoka na fungu la pilipili ndani ya kanga. Baadaye, hata hivyo, niliona kwamba maneno yale yamemwingia. Kwa siku kadhaa hakutukana mmea wowote.

Alikuwa mkarimu wa mboga na bahili wa mbegu. Mchicha, ndimu, majani ya muhogo, chochote kilichokuwa tayari, ukiomba ulipewa, tena zaidi ya ulichoomba. Lakini mbegu alizihifadhi ndani ya vichupa vya dawa vilivyotundikwa ukutani, na kila mtu alipewa mara moja. Ukizipanda zikafa, hukupewa tena mpaka mwaka upite. "Mbegu si sukari ya kuazima," alisema. "Umeiua wewe, ikalie matanga wewe." Mimi ni miongoni mwa waliokaa matanga.

Mtaani walidhani ameanza kupanda wakati wa vita, mchele ulipokuwa adimu na watu wakipanga foleni. Yeye aliwaacha wadhani hivyo. Ilikuwa ni sababu nzuri, ya hekima, isiyohitaji maelezo. Hata mimi niliiamini, mpaka ulipotokea ugomvi wa nyumbani kwangu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimesomea ualimu, nikasomesha kwa muda katika skuli ya wasichana. Nilipojifungua nikakaa nyumbani. Mtoto alipoanza kutembea, mwalimu mkuu akaniletea salamu kwamba nafasi yangu ipo nikiitaka. Nilikuwa naitaka. Nilikuwa naitaka mpaka nikisikia watoto wakipita chini wakienda skuli, naacha ninachokifanya na kusimama. Mume wangu, mtu mwema kwa mambo mengine yote, akasema hapana. Mara ya kwanza alisema kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Niliporudia tena hakusema kitu. Asubuhi iliyofuata alitoka mikono mitupu, na kikapu kikabaki msumarini.

Mchana alikula kwa mama yake, na jioni vivyo hivyo. Hakunipiga wala kunitukana, na maziwa ya mtoto aliyaleta kama kawaida. Mtu wa nje asingeona kitu. Lakini mimi nilijua, naye alijua, kwamba siku nitakayosema basi, siendi skuli, kikapu kitarudi kimejaa. Njaa haikunitisha, kwa kuwa wali na chumvi hushibisha. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuanza kuyapanga yale maneno mdomoni, na kuona kwamba si magumu sana kuyasema.

Siku ya pili, Bi Jirani akaja dirishani.

"Jana na leo sijasikia harufu ya kitunguu kwako."

"Sina hamu ya kula, Bi Jirani."

"Sikukuuliza hamu. Nimekuuliza kitunguu."

Nilikuwa nimelelewa kwamba siri ya nyumba haitoki nje, na dirisha lile, lingawa dogo, lilikuwa ni nje. Akangoja. Akageuza debe moja kwa mguu, akangoja tena.

"Kikapu hakikuja," nikasema.

Hakuniuliza sababu. Aliondoka, akarudi, na mkono wake ukapita dirishani na mabilingani, halafu ndimu, halafu pilipili, halafu fungu la mchicha ambalo lilikwama na ikabidi tulivute mmoja huku na mmoja kule. Mwisho akatoa kitunguu. "Hiki hakikubali kwangu," akasema. "Cha mzee. Hatoona."

Nilidhani kama anataka kunisaidia angeniletea sahani iliyokwisha kupikwa, kama majirani wanavyofanya kwa mgonjwa. Nikamwambia hivyo, kwa uchovu tu, kwamba sina nguvu ya kuwasha hata seredani ya makaa.

"Nikikupikia mie, umepewa," akasema. "Ukipika wewe, umekula kwako. Kaanga, harufu itoke."

Nikakaanga. Nikala na mwanangu, nikaosha sahani. Alikuwa anasikiliza, maana kabla sijakausha mikono alikuwa dirishani.

"Na yeye umemwekea?"

"Nani?"

"Mumeo."

"Yeye anakula kwa mama yake."

"Akila kwa mama yake ni shauri lake. Chakula chake kiwe hapa, kimefunikwa. Na nazi uikune vizuri, usimtilie makumbi kwa hasira."

Hapo nilikasirika. Nilimuuliza kwa nini nimpikie mtu aliyeninyima kitoweo. Nilisema kwa sauti, nikasahau kwamba siri haitoki nje.

"Kwa sababu sasa unaweza kumpikia," akasema, akaenda kukimbiza jua.

Nilifanya alivyosema, bila kuelewa, na bila kupenda. Kila siku mkono ulipita dirishani na kitu, majani ya muhogo leo, bamia kesho, matembele, tena mabilingani. Kila siku nilipika, nikapanga sinia ya mume wangu, nikaifunika kwa kawa lililosukwa vizuri, nikaiweka pale pale anapokaa. Aliporudi aliliona kawa, akalipita. Harufu ya mabilingani ilikuwa imejaa ngazi nzima tangu chini, kwa hiyo hakuweza kujifanya hajui. Nilikuwa namtazama usoni, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sijapata kukiona, kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa na kumbe uko wazi.

Baadaye sana, tulipokuwa tunaweza kucheka, aliniambia kwamba aliyemshinda ni mama yake. Mkwe wangu alimuuliza, "Kwani kwako hakupikwi?" Akajibu kunapikwa. "Basi huku unafuata nini?"

Laasiri moja mume wangu akakaa, akafunua kawa.

"Vitu hivi umevipata wapi?"

"Uani."

Akageuka kuutazama ua wetu, uliokuwa sakafu tupu na kamba ya nguo. Ng'ambo ya ukuta Bi Jirani alikuwa anamuuliza mchicha kama unadhani yeye ni mtumwa wake. Mume wangu akasikiliza, akaelewa. Kisha akala. Akala mpaka akamaliza, akanawa mikono, akafuta mikono polepole kuliko kawaida.

"Mtoto atabaki na nani asubuhi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Hakuna mtu aliyesema ndiyo. Nilimjibu kwamba atabaki na Bi Jirani, jambo ambalo sikuwa hata nimemuuliza mwenyewe, na asubuhi iliyofuata kikapu kilikuja na samaki aina ya changu wawili wazima. Niliingia jikoni nikalia, kwa furaha, na pia kwa hasira kwamba jambo kubwa namna ile lilipaswa kupitia tumboni.

Basi nikarudi skuli, na mwanangu akakulia baina ya madebe. Maneno yake ya mwanzo yaliyoeleweka yalikuwa ni matusi ya bilingani. Nikaomba mbegu, nikapewa, zikafa. Nikaomba tena, nikanyimwa. "Mboga chukua utakavyo," akasema, "mbegu ngoja mwaka." Nilingoja, nikapewa, na zile zikaota. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeniletea madebe, bila kuambiwa, akayapanga pale penye jua la asubuhi.

Nilimuuliza Bi Jirani alikoyajua yote yale. Tulikuwa tumekaa uani kwake tunachambua mchicha, mzee wake amekwenda msikitini. Alichambua fungu zima kwanza.

"Mie nlikuwa mpya kama wewe," akasema. "Dada yangu wa Bwejuu kajifungua, na mimi nikaenda. Sikungoja ruhusa, nikaacha maneno kwa jirani. Niliporudi, kikapu kipo msumarini. Nikala wali na machozi. Halafu nikatoka hapa kumwaga maji, nikaona boga limetambaa kule nyuma ya choo. Hakuna aliyelipanda. Nlikuwa nimetupa mbegu tu na takataka. Nikachuma majani yake, nikayapika na nazi, nikakaa chini nikala. Mwanangu, sijapata kula kitu kitamu kama kile."

"Halafu?"

"Halafu nikamwendea nikamwomba radhi. Nilikuwa nimekosa kweli, mtu haondoki bila kumwambia mwenziwe. Lakini nlimwomba radhi nshakula."

Nilipenda sana jinsi alivyolisema neno lile la mwisho, kwa utulivu, kama mtu anayetaja saa. Nilimuuliza Bi Jirani mumewe alifanya nini. Akasema hakufanya kitu, alimsamehe tu. Lakini Ijumaa iliyofuata akaja na hamali, na hamali amebeba gunia la udongo mweusi kutoka shamba. Mzee akasema udongo wa hapa ni chokaa mtupu, hauwezi kuotesha kitu, akaenda kubadilisha kanzu. Tangu siku hiyo, kila mwaka kabla ya masika, ni yeye aliyeleta udongo, na kila mwaka alilalamika juu ya bei ya hamali. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Nilimwona amesimama uani na kanzu yake nyeupe, ameikunja mpaka magotini, akiamrisha udongo umwagwe wapi, na mkewe akiamrisha umwagwe kwengine.

Waligombana kila siku. Sijui kama nimelisema hilo. Waligombana juu ya chumvi, juu ya mlango, juu ya nani kaacha taa, juu ya mwezi kama umeandama au haujaandama. Mwanzoni niliona haya kusikia. Baadaye nikazoea, na siku ambazo palikuwa kimya nilichungulia kujua kama wazima.

Mwishoni mwa miaka ile tulihamia Mpendae, tukapata nyumba yenye kiwanja cha kutosha. Bi Jirani alikuja kututazama mara moja tu. Alisimama katikati ya kiwanja, akatazama juu, akatazama chini, akauliza, "Jua lote hili mnalifanyia nini?" Hakupapenda. Alisema mmea usiosumbuliwa hauna adabu. Alikula vizuri, akanisema kwamba bamia zangu zimekomaa mno, akarudi kwake kabla ya laasiri kwa sababu mzee alikuwa peke yake.

Mzee yule alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda mazikoni na matangani, na sikupata kukaa naye peke yake kwa sababu ya watu. Akaingia eda. Wakati wa eda yake nilikwenda mara chache kuliko ilivyonipasa, kwa kuwa nilikuwa na darasa kubwa na mtoto mwengine. Alipotoka eda, nikasema hapana, leo nakwenda, nikakae naye.

Njiani nilikuwa nimejitayarisha kukuta ua umekauka. Nilijua jinsi mtu anavyoacha mambo akiwa na msiba. Lakini nilipopiga hodi nikaingia, niliona kijani tu. Mchicha ulikuwa umesimama mrefu na kutoa mbegu. Mabilingani yalikuwa yameiva kupita kiasi, mengine yamegeuka manjano na kupasuka. Matembele yalikuwa yameingia ndani ya choo. Alikuwa anasukuma debe la pilipili kwa mguu, kama zamani, ila polepole, na kanga aliyoivaa ilimpwaya.

"Shikamoo, Bi Jirani."

"Marahaba. Karibu. Umekonda."

Aliyekonda ni yeye. Mifupa ya mabega ilionekana juu ya kanga. Tulikaa mkekani, tukaulizana habari, akaniuliza wanafunzi wangu, akaniuliza mume wangu. Mwanawe, aliniambia, anamtumia kijana kila asubuhi na kikapu, samaki wazuri, nazi mbili mbili. Nikainuka kwenda kunywa maji, kwa kweli ili nipite jikoni. Seredani ilikuwa baridi, na majivu yake yamefanya ukoko kama ya siku nyingi. Nazi zilikuwa zimepangwa ukutani, hazikuvunjwa. Palikuwa na mkate wa boflo nusu, na kikombe cha chai.

Nilirudi nikakaa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mtu asiye mzazi wangu. Mwanamke aliyenifundisha nisikose harufu jikoni kwangu alikuwa ameizima ya kwake, na kuzunguka kwake kote kulikuwa na chakula.

"Bi Jirani, hupiki."

"Napika."

"Hupiki. Nimeona."

Akatazama madebe. "Natia maji," akasema. "Maji siwezi kuacha, mkono umezoea. Kuchuma ndiko kulikonishinda."

"Kwa nini?"

Jua lilikuwa limefika katikati ya ua na hakuinuka kulikimbiza.

"Baada ya siku ile ya boga," akasema, "hakukiacha tena kikapu msumarini. Hata siku moja, mpaka alipokufa. Na mimi sikupata haja ya kupika bila yake. Tuligombana miaka yote, wewe ulikuwa unasikia. Lakini tuligombana watu wawili. Akinisema namsema, akininunia namnunia, halafu tunakula, kwa sababu anajua naweza na mimi najua anajua. Kila siku nikitia maji hapa yeye yuko pale kwenye kiti chake, ananiona natia." Akanyoosha kidole, na kiti kilikuwa pale pale mlangoni pa chumba, kitupu, limewekwa juu yake taulo lililokunjwa. "Sasa naweza, mwanangu. Naweza kula mwaka mzima hapa bila ya mtu. Nimwonyeshe nani?"

Nililia, naye hakulia. Alinipa ncha ya kanga yake nifutie uso.

Kisha nikavua buibui, nikalitundika. Nikachuma mchicha ule mrefu, nikachagua mabilingani ambayo hayajapasuka, nikachuma ndimu. Niliwasha seredani, nikavunja nazi, nikakaa juu ya mbuzi yake nikakuna. Aliniuliza nafanya nini, nikamwambia nina njaa. Nilipika mchicha wa nazi na mabilingani ya kukaanga, na nilikaanga vitunguu vya mwanawe vingi, mpaka jirani mpya akachungulia dirishani kutazama. Nikapakua sinia moja, nikamketisha mbele yangu, nikakaa nikamtazama.

Akanawa mikono. Akasema bismillahi, akatia tonge mdomoni, akatafuna.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Haikuzidi."

"Imezidi, mwanangu. Nnakula mie, najua."

"Mie pia nnakula, na nasema haikuzidi."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nimeingia. Akatwaa tonge jengine, kubwa kuliko la mwanzo, akaniambia kwamba ualimu umeniharibu ulimi, na kwamba tangu zamani mimi hata bilingani sijui kulikata. Nikamjibu. Tuligombana mpaka laasiri, na sinia ikaisha.